Ruta Mpya, Kasi ya Kobe: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Mahali Intaneti Inapopotelea

Umenunua ruta mpya yenye antena nne, boksi limeandikwa AC1200 kwa herufi kubwa, umeichomeka, nyumba nzima imepewa nenosiri jipya, na video bado inazunguka. Wakati mwingine hali huwa mbaya kuliko ilivyokuwa kwa ruta kuukuu. Kabla hujairudisha dukani, kumbuka kwamba ruta haizalishi kasi. Inapokea ilichopewa na kukigawa. Kasi ikipungua baada ya kubadilisha ruta, imepotelea kwenye kimoja kati ya vipande vitatu: kutoka kwa mtoa huduma hadi kisanduku cha faiba ukutani, kutoka kisanduku hicho hadi ruta kwa waya, au kutoka ruta hadi simu yako kwa hewa. Kazi yote iko katika kujua ni kipande kipi. Ukianza kubofyabofya mipangilio kabla ya kupima, utabadilisha mambo kumi na hutajua lipi limeponya na lipi limeharibu.

Mwongozo huu unalenga nyumba ya kawaida ya faiba: mtoa huduma amefunga kisanduku chake, ambacho mafundi hukiita ONT, mara nyingi chenye Wi-Fi yake yenyewe, nawe umeongeza ruta yako juu yake. Wenye ruta za laini ya simu au za setilaiti wanaweza kuruka yanayohusu faiba. Mengine yote yanawahusu vilevile.

Kwanza soma namba vizuri

Vifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, Mbps. Programu nyingi za kupakua faili huonyesha megabaiti, MB/s. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo kifurushi cha 40 Mbps kikipakua faili kwa 5 MB/s hakuna aliyekuibia.

Namba ya kwenye boksi nayo ni ya kibiashara. AC1200 ni jumla ya takriban Mbps 300 za masafa ya 2.4 GHz na 867 za masafa ya 5 GHz. AX1500 ni 300 na 1201. Kwa kawaida simu haitumii masafa yote mawili ya ruta hizi kwa mpigo, na hata hiyo 867 ni kasi ya muunganisho wa hewani tu. Data inayopita kweli huwa nusu hadi theluthi mbili ya hapo, kwa sababu Wi-Fi hutumia muda mwingi kupeana zamu na kuthibitisha mapokezi.

Vipimo vitatu, kwa mpangilio huu

Tafuta laptopu yenye tundu la waya wa mtandao. Kama haina, adapta ya USB 3 kwenda tundu la gigabiti itatosha. Pata pia kebo fupi ya Cat5e au Cat6 unayoiamini, mita moja au mbili. Zima VPN, simamisha mambo yote yanayopakuliwa, zima televisheni. Pima mara tatu kila mahali na uandike namba ya kati. Vipimo vyote viwe ndani ya saa moja, maana saa mbili hadi saa nne usiku mtaa mzima unatazama video, na kulinganisha kipimo cha usiku na cha asubuhi ni kujidanganya. Mwenye bando la kuhesabu asipime ovyo: kipimo kimoja kwenye laini ya kasi huweza kula zaidi ya megabaiti 100.

1. Zima Wi-Fi ya laptopu, chomeka waya moja kwa moja kwenye tundu la LAN1 la kisanduku cha faiba (LAN ni matundu ya vifaa vya nyumbani), kisha pima.

2. Rudisha ruta mpya mahali pake, chomeka laptopu kwenye tundu lolote la LAN la ruta hiyo, pima tena.

3. Chomoa waya, washa Wi-Fi, jiunge na masafa ya 5 GHz ukiwa mita mbili hivi kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati, pima. Halafu nenda chumba kinacholalamikiwa na upime huko.

Sasa linganisha. Kipimo cha kwanza kikiwa chini ya kifurushi chako, ruta haina hatia. Ruka hadi sehemu ya mwisho. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibaya, tatizo ni waya, tundu au mipangilio ya ruta. Cha pili kizuri, cha tatu kibaya: ni hewa. Cha tatu kizuri karibu na ruta lakini chumbani hakuna kitu: ni mahali ruta ilipowekwa. Na kama laptopu inapata kasi yake kila mahali ila simu inasuasua, tatizo ni simu.

Namba 94

Kuna namba moja inayojitangaza yenyewe. Kipimo cha pili kikisimama kwenye 92 hadi 95 Mbps, na hakipandi hata ufanye nini, ilhali umelipia 150 au 200, basi kipo kipande cha njia yako ya waya kinachofanya kazi kwa Mbps 100 badala ya 1000. Zile tano au sita zinazokosekana ni gharama ya kufungasha data.

Mshukiwa wa kwanza ni kebo. Shika plagi yake ya plastiki mbele ya mwanga, kilimi kikiwa upande wa chini, nyaya zikikuelekea, na uhesabu rangi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hizo ni nane, na gigabiti inazihitaji zote nane. Ukiona nne tu, kwenye nafasi ya 1, 2, 3 na 6, umeshapata jibu. Kasi ya 100 hutosheka na jozi mbili, na kuna mafundi ambao, ili kuokoa waya, hugawa kebo moja iende vyumba viwili. Ruta ya zamani yenye tundu la 100 haikuwahi kuonyesha kasoro hiyo. Mpya imeifichua.

Nyaya nane zikiwepo haimaanishi zimegusa. Pini moja ambayo haikubanwa sawasawa inatosha kuishusha kebo nzima hadi 100, tena bila onyo lolote. Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya Ethernet, utazame kasi ya muunganisho: 1000/1000 au 100/100. Hiyo ni ya kati ya laptopu na ruta. Ya kati ya ruta na kisanduku iko kwenye ukurasa wa ruta, penye hali ya WAN, yaani tundu linalopokea intaneti. Badilisha kebo hiyo kwanza, maana ndiyo rahisi. Kama imepita ndani ya ukuta, kata ncha zote mbili, funga plagi mpya kwa mpangilio wa rangi uliotajwa hapo juu, na usifumue msokoto wa jozi kwa zaidi ya sentimita 1.3. Msokoto huo si pambo. Ndio unaozuia jozi moja kuichafua nyingine. Ukinunua kebo kwa mita, uliza kama ni shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba hukatika ndani kwenye kona, na zikiwa ndefu hupoteza mawimbi.

Mshukiwa wa pili ni tundu lenyewe. Zipo ruta za AC1200 zinazouzwa leo ambazo matundu yake yote ni ya 100. Archer C50 ya TP-Link ni mfano. Archer C6, iliyoandikwa AC1200 vilevile, ina matundu ya gigabiti. Kwenye maelezo ya ruta tafuta maneno 10/100 au 10/100/1000. Kama kifurushi chako ni cha 20 au 50, jambo hili halikuhusu hata kidogo, usilipie gigabiti ambayo hutaitumia. Tazama pia kisanduku cha mtoa huduma: baadhi vina tundu moja tu la gigabiti, mara nyingi LAN1, na mengine ni ya 100.

Ruta mbili nyumba moja

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama, na mara nyingi kwa sababu ya kuchekesha: simu bado imeunganishwa na Wi-Fi ya zamani. Kisanduku cha mtoa huduma hakikuzimwa Wi-Fi yake, simu inalikumbuka jina lile, inajiunga, na ruta mpya inabaki kuwaka taa. Ukizipa zote mbili jina moja na nenosiri moja, huwezi hata kujua uko wapi. Ingia kwenye ukurasa wa kisanduku, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.100.1, uzime Wi-Fi ya masafa yote mawili. Kama nenosiri la kuingilia analo mtoa huduma, mwombe akuzimie; ni kazi ya dakika mbili akiwa ofisini kwake.

Ruta mpya ikiwa nyuma ya ruta nyingine, anwani za vifaa zinatafsiriwa mara mbili, mara moja katika kila ruta. Kasi haishuki sana kwa hilo, lakini michezo ya mtandaoni, simu za video na kamera za ulinzi huanza kulalamika. Kujua kama uko hivyo, tazama anwani ya WAN ya ruta mpya. Ikianza na 192.168, uko nyuma ya kisanduku kinachojifanya ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, tafsiri ya pili inafanyika kwa mtoa huduma mwenyewe, nawe huna la kufanya hapo.

Kwa wengi, suluhisho jepesi ni kuiweka ruta mpya itoe Wi-Fi tu. Tafuta "Operation Mode" kwenye mipangilio, chagua "Access Point", acha iwake upya. Kama ruta yako haina chaguo hilo: ipe anwani ya 192.168.1.2 iwapo kisanduku ni 192.168.1.1, zima DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani), kisha chomeka waya unaotoka kwenye kisanduku katika tundu la LAN badala ya WAN. Fuata mpangilio huo huo; ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani utapata taabu kuingia tena.

Suluhisho la pili ni kumwomba mtoa huduma akiweke kisanduku katika hali ya daraja, yaani kipitishe data tu bila kujifanya ruta, ili ruta yako ndiyo ipige simu ya PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri). Ni bora kwa mwenye kujua anachofanya. Utahitaji jina la mtumiaji, nenosiri, na wakati mwingine namba ya VLAN. Vipate mkononi kabla ya kubadilisha chochote, la sivyo utalala bila intaneti.

Mipangilio inayokaba

Ruta ikiwa na waya mzuri na bado kipimo cha pili kiko chini, angalia udhibiti wa kasi kwanza, unaoitwa "QoS" au "Bandwidth Control". Baadhi ya ruta huuliza kasi ya laini kwa Kbps, na 50 Mbps ni 50000. Ukikosea sifuri moja ukaandika 5000, umeinyonga nyumba nzima kwa 5 Mbps. Pia kwenye ruta nyingi za bei nafuu, kuwasha udhibiti huo au takwimu za matumizi kunazima njia ya mkato ya ndani, ile inayopitisha data bila kuisumbua prosesa. Matokeo yake laini ya 200 inashuka vibaya ilhali kila kitu kinaonekana sawa. Zima, pima tena.

Kisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kwa wanaotumia PPPoE tu. Dalili yake ni ya ajabu: WhatsApp inakwenda, tovuti fulani zinafunguka, nyingine zinaganda katikati. Pakiti ya data ya kawaida hubeba baiti 1500, PPPoE inachukua 8, zinabaki 1492. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

ping -f -l 1464 8.8.8.8

Hiyo 1464 ukiongeza 28 za vichwa inakuwa 1492. Likija jibu la kawaida, uko salama. Ikisema pakiti inahitaji kukatwa, punguza kumi kumi hadi ipite, ongeza 28, na namba hiyo ndiyo MTU ya kuandika kwenye ruta.

Kama kurasa zinachelewa kuanza lakini zikianza zinakimbia, hilo ni la DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba; weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Na programu ya ndani ya ruta isasishe mara moja baada ya kununua, ila ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza isiamke tena.

Hewa

Sasa kipande cha tatu, ambacho ndicho chenye visa vingi.

Anza kwa kujua simu iko kwenye masafa yapi. Kwenye Android, gusa jina la Wi-Fi uliyojiunga nayo. Simu nyingi huonyesha masafa na kasi ya muunganisho. Kwenye Windows andika netsh wlan show interfaces, utazame chaneli, aina ya redio na kasi ya kupokea. 802.11n ni kizazi cha zamani, ac ni Wi-Fi 5, ax ni Wi-Fi 6. Muunganisho ukionyesha 72 na kipimo kikitoa 35 hadi 50, umekutana na simu yenye antena moja kwenye 2.4 GHz. Kama simu hiyo haina 5 GHz kabisa, ruta ya Wi-Fi 6 haitaisaidia chochote.

Lakini kama inayo na bado imeng'ang'ania 2.4, mlaumu "Smart Connect", mpangilio unaounganisha masafa yote chini ya jina moja na kuiachia ruta iamue. Ruta za bei nafuu huamua vibaya, na simu hupenda 2.4 kwa sababu mawimbi yake yana nguvu zaidi hata kama yamejaa watu. Uzime. Toa majina mawili, moja liishie na 5G, kisha waunganishe simu, laptopu na televisheni huko. Kamera, balbu na soketi za kisasa ziache 2.4, nyingi hazijui masafa mengine.

Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee na upana wa 20 MHz. Watu huweka 40 wakidhani kubwa ni bora. Katika jengo la ghorofa lenye ruta thelathini, upana huo unamaanisha kusubiri zamu ya majirani wengi zaidi. Kwenye 5 GHz weka 80 MHz na chaneli 36 hadi 48 kwa kuanzia. Chaneli 52 hadi 144 huwa tupu mara nyingi, lakini zinagawana anga na rada. Ruta hulazimika kusikiliza kwa dakika moja au zaidi kabla ya kurusha, na ikihisi rada huhama papo hapo. Jina la 5G likipotea na kurudi lenyewe, anzia hapo.

Aina ya ulinzi nayo ina deni. Wengi huhamisha mipangilio ya ruta kuukuu kama ilivyo, ikiwemo WPA yenye TKIP, njia ya zamani ya kuficha data ya Wi-Fi. Kizazi cha n na vilivyofuata havikubali kasi zao juu ya TKIP wala WEP, kwa hiyo kifaa hurudi kwenye 54 Mbps za muunganisho, na mkononi unapata 20 na kitu. Chagua WPA2 yenye AES, njia mpya zaidi, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WMM (mpangilio wa kuzipa data za Wi-Fi vipaumbele) iache imewashwa, kwa sababu ileile. Laptopu ikikataa hata kuliona jina la Wi-Fi 6 huku simu zinaliona, sasisha dreva (programu inayoiendesha) ya kadi yake ya Wi-Fi; kadi kadhaa za zamani za Intel zilikuwa na kasoro hiyo.

Mahali pa kuweka ruta watu hulichukulia jambo la urembo. Nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, juu ya friji, sakafuni kando ya tangi la maji: pote hapo chuma au maji vinameza mawimbi, na 5 GHz humezwa kuliko 2.4. Iweke wazi, kimo cha mita moja na nusu hivi, katikati ya nyumba, antena zikisimama wima. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja au wa Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, 5 GHz ikipita ukuta mmoja ushukuru. Huko hakuna ruta ya ajabu: vuta waya hadi chumba cha pili na ufunge kituo kingine cha Wi-Fi. Vile virudishio vya kuchomeka ukutani vyenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu kwenye chaneli ileile, hivyo kasi hukatwa nusu kabla hata ukuta haujachukua chake.

Adapta

Ruta mpya ya 12 V na 1.5 A ikichomekwa adapta ya zamani ya 12 V na 0.5 A kwa sababu plagi inaingia, itawaka, itatoa Wi-Fi, na itajizima na kuwaka kila mzigo ukipanda. Vivyo hivyo kwa UPS ndogo za ruta: volti zilingane kabisa na za ruta, ampea ziwe sawa au zaidi. Ruta inayojiwasha upya usiku tu, wakati wote wako nyumbani, mara nyingi ina njaa ya umeme.

Kipimo cha kwanza kikiwa kibaya

Tazama uzi wa faiba ulivyokaa baada ya kusogeza vitu. Uzi huo wa kioo haupendi kona kali. Ukipinda kwa duara dogo kuliko kikombe cha chai, mwanga huvuja. Hakikisha plagi ya kijani imeingia hadi ilie "tik". Usiichomoe kuangalia, usiguse ncha yake kwa kidole na usiitazame kwa jicho, maana mwanga wake hauonekani lakini upo. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, laini imekatika.

Ikiwa imezimika na kasi bado mbovu, ingia kwenye ukurasa wa kisanduku utafute nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kwa GPON ya kawaida (aina ya faiba ya majumbani) inapaswa kuwa kati ya −8 na −27 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Ikiwa −28, au inachezacheza karibu na −27, hiyo ni kazi ya fundi wa faiba. Ukipiga simu, taja mambo manne: kipimo cha waya moja kwa moja kwenye kisanduku, saa uliyopima, kebo uliyotumia, na hiyo namba ya dBm. Ukianza na "Wi-Fi iko polepole" utaambiwa uzime na uwashe.